Tusiuache uandishi wa programu wa ridhaa ukafa

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili ambaye hukaa kwangu wakati wa likizo, alinijia na kipakatalishi kikuukuu mkononi na uso uliokunjamana. Alikuwa ameandika programu ndogo ya kumsaidia mamake kuhesabu pesa za mayai anayouza kila siku. Programu ilikubali kufanya kazi, ila jumla iliyoitoa mwishoni mwa wiki ilikuwa pesa za Jumamosi peke yake. Siku nyingine zote zilikuwa zimemezwa. "Mjomba," aliniambia, "nimeuliza mtandaoni kule ulikonielekeza, na leo ni siku ya kumi na moja. Hakuna hata aliyeniitikia hodi."

Maneno hayo yalinichoma. Huko nilikomwelekeza hukutana watu wanaoandika programu za tarakilishi kwa uraibu tu. Hawalipwi na hawatafuti cheti. Wamo walimu, makarani na mafundi wa redio ambao, baada ya kazi za kutwa, huketi usiku wakatengeneza mchezo, kalenda au daftari la hesabu, kisha wakawaonyesha wenzao. Ni wanaprogramu wa ridhaa, mfano wa timu za kandanda za mitaani ambazo hucheza kila Jumapili bila mshahara. Miaka ishirini iliyopita swali lililoulizwa pale lilikuwa halilali. Nilipoingia mwenyewe kuchungulia, nilikuta ukimya wa gofu. Ujumbe wa mwisho kabla ya swali la mpwa wangu ulikuwa wa heri za mwaka mpya, na mwaka wenyewe ulikuwa umekwisha kupita.

Ndipo nilipojiuliza: je, jumuiya kama hii ikishazimika, yaweza kufufuliwa? Jibu langu ni kwamba yaweza, lakini si kwa hotuba wala kwa makongamano. Hufufuliwa kwa jambo dogo sana, nalo ni anayebisha hodi kufunguliwa mlango.

Uraibu huu haukuanza jana. Alfajiri ya Mei 1, 1964, katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, lugha mpya ya programu iitwayo BASIC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Waasisi wake, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliikusudia kwa wanafunzi wote, wakiwemo wale wa fasihi na historia, wala si kwa wanahisabati peke yao. Tarakilishi za nyumbani zilipoenea katika miaka ya 1970 na 1980, BASIC ndiyo iliyokuwa lugha ya wengi. Magazeti ya ughaibuni yalichapa programu nzima nzima, na wasomaji wakazinakili kwa kibodi mstari baada ya mstari. Aliyekosea herufi moja alilazimika kuitafuta mwenyewe, na katika kuitafuta ndimo alimojifunza.

Mwaka 1991 kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo wa MS-DOS 5.0 ukiwa na QBasic ndani yake. Mimi nilikutana nayo mwaka 1994 katika chuo kimoja cha tarakilishi jijini Nairobi, ambako wanafunzi watatu tuligawana mashine moja. Siku niliyoiamuru ile mashine iniulize jina langu, nayo ikaniuliza, niliondoka nikihisi kwamba nimezungumza na jiwe nalo likanijibu.

Basi ni kitu gani kilichoinyamazisha jumuiya yetu? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni kutoweka kwa zana. Matoleo ya baadaye ya Windows yaliiacha QBasic nje. Mtoto aliyenunuliwa tarakilishi hakuikuta tena lugha ya programu ikimngoja ndani yake, bali alikuta michezo iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine. Mlango uliokuwa wazi kwa kila mwenye mashine ulifungwa polepole, na wachache walitambua.

Ya pili ni ukali wetu sisi tuliotangulia, na hapa nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Mnamo mwaka 2003, enzi zile za kulipia kila dakika katika saiba, kijana mmoja aliuliza kwa nini programu yake ilizunguka bila kikomo. Swali lilikuwa jepesi, nami nilikuwa na haraka. Nikamjibu kwa mstari mmoja: asome mwongozo kwanza kabla ya kuwapotezea watu wakati. Wenzangu wawili walicheka. Kijana yule hakuuliza tena, na sikumwona tena. Nilidhani nimelinda heshima ya jumuiya, kumbe nilikuwa nimeipunguzia umri.

Wala si sisi peke yetu tuliotumbukia humo. Mwaka 2018 wasimamizi wa Stack Overflow, ukumbi mashuhuri kabisa wa maswali ya programu duniani, walikiri hadharani kwamba wageni wengi walihisi hawakaribishwi pale. Ikiwa ukumbi mkubwa namna ile ulilazimika kujisuta, sembuse kajumuiya ketu ka watu wachache?

Sababu ya tatu ni ya juzijuzi. Tangu ChatGPT ilipozinduliwa mwezi Novemba 2022, mwenye swali haoni haja ya kumuuliza binadamu. Akili mnemba haichoki, haina kejeli na hujibu papo hapo. Hata Stack Overflow yenyewe imeshuhudia idadi ya maswali ikishuka vibaya mno. Mgala muueni na haki yake mpeni: kama mashine ina upole kuliko sisi, hatuna haki ya kuwalaumu vijana kwa kuikimbilia.

Hata hivyo, hebu tuyatazame yaliyompata mpwa wangu. Baada ya siku kumi na moja za kungoja, alikuwa ameikabidhi programu yake kwa akili mnemba, nayo ikamrudishia ikiwa imenyooka. "Sasa inahesabu sawasawa, mjomba," alisema, "lakini sijui ilichofanya." Hicho ndicho kilichomkunja uso. Tuliketi pamoja tukaziweka programu mbili kando kwa kando. Punde tukaona kwamba amri ya kuifanya jumla iwe sufuri ilikuwa ndani ya kitanzi, yaani ile sehemu inayorudiwa kwa kila siku ya wiki, badala ya kutangulia nje yake. Kila siku mpya ilipoanza kuhesabiwa, mkoba ulimwagwa kwanza. Alipoelewa aliangua kicheko, na papo hapo akaanza kuuliza jinsi ya kuhesabu mayai yaliyovunjika. Mashine ilikuwa imemtatulia swali la kwanza. Swali la pili lilizaliwa kwa sababu palikuwa na mtu wa kucheka naye.

Sasa tuje kwenye ufufuo wenyewe, maana mifano ipo. Wapenzi wa QBasic hawakukubali lugha yao izikwe. Mwaka 2004 ilianza kazi ya FreeBASIC, na mwaka 2007 ikaanza QB64, ambayo huziwezesha programu za zamani za QBasic kufanya kazi katika mashine za kisasa. Kazi hizi zimeendelezwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2022, baada ya mtafaruku uliowagawanya watu wa QB64, baadhi yao waliichukua kazi ile wakaiendeleza kwa jina jipya la QB64 Phoenix Edition, kwa kumbukumbu ya ndege wa hekaya anayeinuka kutoka katika majivu yake. Funzo ni kwamba zana ikiwa wazi kwa wote, ugomvi wa wachache hauwezi kuiua.

Wengine wameuhuisha uraibu huu kwa mashindano madogo. Tangu mwaka 2011 limekuwapo shindano la kuandika mchezo mzima wa BASIC kwa mistari 10 tu. Lingine, js13kGames, lilianza mwaka 2012 na hudai mchezo usiozidi kilobaiti 13. Kuna na Advent of Code, mafumbo ya kila Desemba yaliyobuniwa na Eric Wastl mwaka 2015, ambayo huwakutanisha watu wengi mno wa viwango mbalimbali.

Ukiyachunguza mashindano haya utaona yanafanana kwa mambo matatu. Kazi ni ndogo kiasi cha kumalizika. Tarehe inajulikana, hivyo watu huja wakijua watawakuta wenzao. Na iliyomalizika huonyeshwa, ili mwingine aisome na kujifunza. Nami ningeongeza la nne: anayebeba mzigo asiachwe peke yake. Kwa miaka mingi Wastl alitoa mafumbo ya siku 25 kila Desemba, lakini mwaka 2025 aliyapunguza yakawa ya siku 12, kwa kuwa kuyatayarisha kulikuwa kukimla muda mwingi. Hakuna haya katika kupunguza. Afadhali jambo dogo linalodumu kuliko kubwa linalomchosha mwenyewe akalitupa.

Najua wapo watakaouliza: uraibu usioleta unga una faida gani katika nchi ambamo vijana wanatafuta kazi? Ni swali la haki. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na za upili, na jambo hilo lastahili pongezi. Ila somo la darasani lina kengele yake na mtihani wake. Kengele ikishalia, mtoto aliyeonja utamu wa kuandika programu atakwenda wapi? Asipokuwa na mahali pa kuonyesha alichotengeneza, ataifunga elimu hiyo pamoja na daftari. Ligi kuu hutegemea watoto waliokwisha kuupenda mpira katika viwanja vya vumbi, na jumuiya za ridhaa ndizo viwanja vya vumbi vya tarakilishi.

Tena tuna jambo ambalo wageni hawawezi kutufanyia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Hiyo ilikuwa ithibati kwamba lugha yetu haikwami kwenye kiwambo. Kwa nini basi mtoto wa Kitui au Kwale aulize swali la kitanzi kwa Kiingereza cha kubabaisha, ilhali anayelijua jibu ni jirani yake anayesema Kiswahili kama yeye?

Usiku ule, mpwa wangu alipokwenda kulala, nililijibu swali lake kule mtandaoni ingawa lilikuwa limekwisha kutatuliwa. Nilijibu kwa Kiswahili, nikaeleza habari ya mkoba unaomwagwa, nikaweka na programu yake iliyosahihishwa, ili atakayekuja na tatizo kama lile asikute ukimya. Chini yake nikaandika kwamba kila Jumamosi jioni nitaweka fumbo moja la mistari isiyozidi 10, na kwamba hakuna swali litakaloitwa la kipumbavu.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu. Ya pili alijitokeza mkongwe mmoja niliyedhani amekwisha kuuacha uraibu huu. Aliandika maneno mawili tu: "Bado mpo?" Ya tatu tulikuwa watano, na mmoja wao ni msichana ambaye hatukumjua, aliyeuliza swali jepesi kabisa. Wakongwe wawili tulimjibu kwa pamoja, kila mmoja akihofia asije akaondoka.

Watano si umati, nami sijidanganyi kwamba gofu limekuwa jumba. Lakini nawasihi wenzangu wa zamani, ambao disketi zao zimelala makabatini, warejee walau kwa nusu saa kwa wiki, wamjibu mtu mmoja. Na ikiwa kijana yule wa mwaka 2003 anayasoma haya, namwomba radhi. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Yeye alikuwa mgeni, nami sikujua kwamba mgonjwa ni mimi.