Mteja akitaka alteneta, mwambie aangalie waya kwanza

Wauza spea wenzangu wa mtandaoni, hii ni yetu.

Hapa Tunduma nauza spea za malori ya zamani kwa WhatsApp. Meseji nyingi ni hii: “Boss, alteneta haichaji, nipe bei.” Mimi sianzi na bei. Namwambia aangalie ule waya mnene nyuma ya alteneta. Kwenye lori kuukuu nati hulegea kwa mtikisiko, kichwa cha waya kinapata moto na kuungua.

Fundi afanye hivi:

1. Azime injini, atoe waya wa hasi kwenye betri. Ule waya mnene una umeme hata gari likizimwa.
2. Akate palipoungua hadi shaba safi, abane kichwa kipya. Asisokote na kuzungushia nailoni.
3. Asafishe kwa msasa, akaze nati, afunge waya mbali na bomba la moshi.
4. Arudishe betri, awashe, apime. Lori la volti 24 lisome kama 27 hadi 28.5.

Ikibaki 25, na mkanda na fyuzi ni vizima, hapo muuzie alteneta.

Leo unaweza kukosa mauzo. Lakini lori kuzima taa usiku mlima Senjele ni roho za watu. Na uliyemwokolea hela, spea ijayo atakutafuta wewe.