Kijiji Changu, Shamba la Nani?

Huko Wayanad, wilaya ya milima katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, "En Ooru" maana yake ni "kijiji changu". Ndilo jina la kijiji cha urithi wa makabila kilichofunguliwa karibu na Lakkidi mwaka 2022. Nilipokitembelea, jina hilo lilinipa la kufikiri.

Kijiji kiko juu kilimani, na wageni hupandishwa kwa jipu. Ukivuka kwenda upande wa Vythiri utaona chai imetanda vilima vizima. Kijijini kuna nyumba za kuezekwa kwa nyasi, soko la mazao ya msituni na uwanja wa ngoma. Mgeni hula, hununua, hupiga picha, kisha huteremka. Mradi ni wa serikali, na shabaha yake ni kuwapatia wenyeji ajira na soko. Hilo ni jambo jema.

Lakini nyumba ya nyasi haisemi yote. Chukueni mfano wa Wapaniya, kabila kubwa kuliko mengine huko. Jina lao latokana na neno lenye maana ya kazi. Kwa vizazi vingi walifungwa kuwalimia wenye ardhi, wakichukuliwa kwa mwaka mzima wakati wa sikukuu ya hekalu la Valliyoorkavu. Mwaka 1976 sheria ya India ilipiga marufuku kazi ya namna hiyo. Walipata uhuru, lakini hawakupata shamba.

Mwaka 2001 watu wa makabila, wakiongozwa na Bibi C. K. Janu, walijenga vibanda mbele ya ofisi za serikali mjini Thiruvananthapuram. Serikali ikaahidi ekari 1 hadi 5 kwa kila familia isiyo na ardhi. Ahadi ikakawia. Januari 2003 wakaingia msitu wa Muthanga, na tarehe 19 Februari polisi wakafyatua risasi. Mwanakabila mmoja na polisi mmoja walipoteza maisha.

Kwa hiyo kibanda kile kile tunachokipiga picha kimewahi kuwa dai la ardhi. Ukienda, nunua asali bila kupunja bei, kisha muulize muuzaji analima wapi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona kwa mwenyeji huyu ni kupata shamba.