Kuongoza Majadiliano ya Kikundi: Kazi ya Kwanza ya Kada ni Kuuliza

Katika Chama chochote cha umma kuna namna mbili za kukutanisha watu. Ya kwanza ni mkutano wa hadhara, ambapo mmoja husema na wengi husikiliza. Ya pili ni kikundi cha majadiliano, ambapo watu kumi, kumi na watano au ishirini hukaa pamoja, wakachambua jambo linalowahusu, wakafikia uamuzi na kuutekeleza wenyewe. Namna zote mbili zina kazi yake. Hatari huanza pale kada anapoitisha kikundi, halafu akakiendesha kama mkutano wa hadhara. Wanachama hupiga makofi na kurudi nyumbani, na tatizo lililowakutanisha hubaki palepale.

Makala hii inakusudia kueleza stadi ambazo kiongozi wa kikundi, au mwezeshaji kama anavyoitwa siku hizi, hana budi kuwa nazo. Tunawaandikia makada wa mashina na matawi, pamoja na wanafunzi wa vyuo ambao kesho watakabidhiwa kazi hiyo. Msimamo wetu ni huu: kiongozi wa kikundi hupimwa kwa yale ambayo kikundi kimeyasema na kuyatenda, wala hapimwi kwa wingi wa maneno yake mwenyewe.

Historia yetu inatufundisha nini?

Taifa letu si geni katika kazi hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakemea viongozi wenye majivuno na dharau, ukasisitiza kwamba wananchi lazima washiriki katika kufikiri, kupanga na kutekeleza mipango yao ya maendeleo. Lakini ushiriki hauji kwa kutamkwa. Unahitaji chombo, na chombo kilichojaribiwa kwa upana mkubwa kilikuwa kikundi cha kujisomea.

Mfano mkubwa ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo ya siku chache, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi hivyo nchini kote. Kwa majuma 12 kila kikundi kilifuata utaratibu uleule. Kwanza kilisikiliza kipindi cha redio. Pili kilisoma kitabu kwa sauti, ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Tatu kilijadili jinsi malaria, kichocho, safura au kuhara damu inavyoingia katika kaya zao. Nne kiliamua hatua ya kuchukua. Matokeo yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa kwa wingi, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 utaratibu huo ulitumika tena katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Tuangalie jambo moja kwa makini. Wengi wa viongozi hao hawakuwa waganga wala wataalamu wa afya. Kama kazi yao ingekuwa kutoa mihadhara juu ya malaria, mafunzo ya siku chache yasingetosha hata kidogo. Utaalamu ulikuwa katika redio na katika kitabu. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuwafanya majirani wayalinganishe yale waliyoyasikia na hali ya nyumba zao, kisha waamue. Kazi hiyo ni stadi, na stadi hufundishika.

Kosa ambalo tumelifanya wenyewe

Kabla ya kuzitaja stadi hizo, yafaa tujikosoe. Miaka mingi iliyopita, tukiwa wakufunzi wawili vijana tuliotoka chuoni karibuni, tulitumwa katika kijiji kimoja kuongoza majadiliano juu ya uchimbaji wa kisima. Tulijiandaa vizuri, au ndivyo tulivyoamini. Tulizungumza kwa saa moja na nusu juu ya kujitegemea, tukaonyesha mahali palipofaa, tukauliza, "Jamani, tumeelewana?" Wote wakajibu, "Ndiyo." Tukauliza kama kuna swali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Katika taarifa yetu tukaandika kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja.

Siku ya kuchimba walikuja watu tisa. Tukakasirika, tukasema wananchi hawana mwamko. Jioni, mama mmoja aliyetupikia chakula alituambia kwa upole, "Wanangu, pale mlipochagua maji yake ni ya chumvi. Babu zetu walichimba wakaacha." Tukamwuliza, "Sasa mama, mbona hamkusema pale mkutanoni?" Akajibu, "Mlituuliza kama tumeelewa. Hamkutuuliza tunajua nini."

Tangu siku hiyo hatujasikia maelezo bora zaidi ya kazi ya kiongozi wa kikundi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliuchukua ukimya wa watu tukauita makubaliano, na kijiji kikapoteza imani kwetu kwa sababu hiyo. Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazil, aliikosoa elimu ya namna hii akiifananisha na benki: mwalimu huweka, mwanafunzi hupokea na kutunza, na hakuna anayedhani kwamba mpokeaji naye ana chochote cha kuleta.

Stadi za msingi

Kwanza, kuandaa kikao. Kiongozi ajue mapema ni swali gani hasa kikundi kinakwenda kulijibu. Mada kama "maendeleo" haijadiliki kwa sababu haina mwisho. Mada kama "kwa nini watoto wa mtaa wetu wanachelewa shuleni msimu wa mvua" inajadilika. Achague saa ambayo haiwazuii kina mama kuteka maji wala wakulima kwenda shamba. Watu wakae kwa duara, na kiongozi akae nao: wao wakiwa kwenye mkeka, naye akae kwenye mkeka. Meza yenye kitambaa mbele yake imekwisha sema nani mwenye maneno hapo, hata kabla kikao hakijafunguliwa.

Pili, kuuliza. Hii ndiyo stadi mama. Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa korosho kule Mtwara kinachojadili kangomba, yaani kumwuzia mlanguzi korosho pembeni kwa kipimo chake na bei yake. Kiongozi asiye na stadi ataanza hivi: "Ndugu zangu, si kweli kwamba kangomba ni adui wa mkulima?" Wote watajibu ndiyo, pamoja na aliyeuza jana. Hilo si swali, ni kibwagizo.

Kiongozi mwenye stadi huanza na hali halisi: "Ni mwezi gani fedha hukauka kabisa nyumbani?" Kisha, "Mwezi huo tukiuguliwa, au mtoto akihitaji sare ya shule, tunakwenda kwa nani?" Kutoka hapo huingia katika sababu: "Huyo anayetukopesha anataka kulipwa nini, na kwa kipimo gani?" "Tukipeleka mzigo ghalani kwa stakabadhi, fedha zinachukua siku ngapi kutufikia?" Mwisho huja kwenye hatua: "Kabla ya mwezi huo mgumu kufika, sisi tulio hapa tunaweza kufanya nini, na tuudai ushirika wetu ufanye nini?" Mfululizo huo una ngazi tatu: hali, sababu, hatua. Anayeruka ngazi ya kwanza hupata kaulimbiu tupu, na anayeruka ya tatu hupata manung'uniko. Anayeruka ya pili humlaumu mkulima mwenye njaa na kumwacha mlanguzi na mfumo unaochelewesha malipo.

Tatu, kunyamaza na kusikiliza. Baada ya kuuliza, kiongozi mwoga hujijibu mwenyewe. Tunawashauri makada wahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Ukimya huo unaumiza, lakini ndani yake watu wanafikiri. Mjumbe akishasema, kiongozi arudie kwa ufupi alichosikia: "Kwa hiyo unasema tatizo ni malipo kuchelewa, sivyo?" Mjumbe atathibitisha au atasahihisha. Kurudia huko kunamwonyesha kwamba neno lake limepokelewa, na kunawasaidia wengine kulishika.

Nne, kugawa nafasi ya kusema. Kila kikundi kina wasemaji wake: mwenyekiti, mwalimu, mzee mwenye heshima, kijana aliyesoma. Kina pia wasiosema, na mara nyingi hao ndio wanaobeba mzigo wa uamuzi unaopitishwa. Kumnyamazisha mzee mbele ya watu ni utovu wa adabu, na kikundi kitakugeuka. Lakini inawezekana kusema, "Mzee, hoja yako tumeipokea na tumeiandika. Kwa ruhusa yako tumsikie na mama aliye nyuma yako, kisha tutarudi kwako." Pale ambapo wanawake au vijana hawathubutu kusema mbele ya wote, wagawanywe watatu watatu kwa dakika chache, kisha kila watatu watoe neno lao. Neno lililosemwa na watatu halina mwenyewe wa kushambuliwa.

Tano, kuongoza tofauti za mawazo. Kada asiogope ubishi. Hoja zikigongana, azitaje zote mbili kwa haki na kuuliza kila upande una ushahidi gani. Asichoruhusu ni hoja kugeuka kuwa mtu. Anayesema "huyu ni wa ukoo ule" arudishwe kwenye mada mara moja.

Sita, kufunga kwa azimio. Majadiliano yasiyo na azimio huwafundisha watu kwamba kusema ni kupoteza muda. Azimio lijibu maswali matatu: nani, nini, lini. Lisomwe kwa sauti, kisha kiongozi aulize swali ambalo sisi hatukuuliza pale kijijini: "Nani haafiki, na kwa nini?" Asiyeafiki aandikwe pamoja na sababu yake. Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma azimio lililopita na kuhesabu kilichofanyika.

Kupeleka neno juu na kurudisha jibu

Imebaki stadi ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayopima ujasiri wa kada. Tukisema ukweli, kiongozi hajijibu mwenyewe kwa sababu ya kukosa ujuzi tu. Mara nyingi anaogopa kwamba kikundi kitasema jambo ambalo ngazi ya juu haipendi kulisikia: kwamba mradi umekosewa, kwamba mchango haukutolewa hesabu, kwamba mbolea ilifika mvua ikiwa imekwisha. Hapo hushawishika kuandika "wajumbe waliafiki" na kulala usingizi.

Kada anayefanya hivyo anadhani anakilinda Chama. Kwa kweli anakiziba masikio. Chama kisichosikia kisima kina chumvi kitaendelea kuchimba palepale, na kila jembe litakalopotea litahesabiwa kuwa ni ukaidi wa wananchi. Kwa hiyo taarifa ya kikundi ipelekwe kama ilivyosemwa, bila kupakwa rangi. Na jibu likitoka juu, hata likiwa ni "haiwezekani kwa sasa", kiongozi alirudishe kwa kikundi pamoja na sababu zake. Watu huweza kuvumilia jibu gumu. Wasichoweza kuvumilia ni kusema mara tatu bila kujibiwa. Mara ya nne hawaji, na wakija, hujibu ndiyo kwa kila kitu.

Hitimisho

Stadi hizi hazipatikani kwa kukariri. Zinapatikana kwa kuongoza kikao, kukosea, na kujikosoa. Tunapendekeza kwamba baada ya kila kikao kiongozi aketi na wenzake wawili wampime kwa mambo matatu: alisema dakika ngapi, ni wajumbe wangapi ambao hawakusema kabisa, na azimio limeachiwa nani. Akiona kwamba yeye amesema zaidi ya kikundi, ajue kwamba siku hiyo amehutubia. Ajirekebishe kikao kijacho.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikao chenu kilichopita, ni nani hawakusema? Mnadhani wanajua nini ambacho kikundi hakikukisikia?

2. Chagueni tatizo moja la tawi lenu. Tungeni maswali sita yanayopanda kutoka hali, kwenda sababu, hadi hatua.

3. Ni azimio gani la kikundi chenu lilipelekwa ngazi ya juu na halijajibiwa? Nani atalifuatilia, na lini?