Skyrim: Jinsi ya Kujenga Karakta wa Kunyemelea na Kupigana Bila Kuchoma Masaa 40

Kama unaishi hii side yetu ya Kericho na Bomet, unajua vile huwanga. Saa saba jua linawaka, saa tisa mvua inanyesha ni kama imelipwa. Barabara ni matope, hakuna boda ya kukubeba, na kilichobaki ni laptopu, kikombe cha chai na maombi kwamba stima haitapotea.

Na kama laptopu yako ni ya mtumba kama yangu, kuna gemu moja haijawahi kukuangusha: Skyrim. Ilitoka 11 Novemba 2011, na lile toleo la kwanza la kompyuta lilikuwa linaomba RAM ya GB 2 tu. Toleo la Special Edition la 2016 ndilo lilianza maringo ya kutaka GB 8. Ndio maana hadi leo wasee wengi huku ushago bado wanachapa ile ya kwanza.

Leo nataka tuongee kuhusu karakta ambaye kila mtu anamtaka na wengi wanamharibu: msee anayeweza kunyemelea kama paka, na akionekana bado anaweza kusimama apigane. Mimi nilimharibu vibaya sana, kwa hivyo sikiza.

Vile nilichoma masaa 40

Nilikuwa nimetoka kolegi mwaka wa pili, karo imekataa, niko nyumbani nasaidia mathe kuchuna chai asubuhi na kucheza gemu mchana. Karakta wangu wa kwanza nilimuita Arap Kivuli. Huyu jamaa alikuwa anafanya kila kitu. Anafua visu, anaibia watu mifukoni, anafungua kufuli, anarusha moto, anabishana bei na wenye maduka. Nilifika leveli 24 nikajiona mkubwa.

Siku moja nikaingia pango la majambazi. Vijana wa mlangoni walinisumbua, lakini nikapita. Halafu nikakutana na Bandit Chief, yule mkubwa wao, ameshika nyundo ya mikono miwili. Alinigonga mara moja tu. Nikarudia. Mara moja tu. Nilirudia mpaka laptopu ikaanza kunuka. Kumbe masaa 40 nilikuwa najenga mtu ambaye hajui kupigana, na sevu zangu zote zilikuwa za huyo huyo mtu.

Kwa nini "kila kitu" inakuua

Skyrim haikuulizi mwanzoni kama wewe ni mwizi, mpiganaji ama mchawi. Ina ustadi 18, na unakuwa kile unachofanya. Ukitumia upanga, upanga unapanda. Ukinyemelea, kunyemelea kunapanda. Kila ustadi ukipanda, unasukuma leveli yako kubwa ya jumla.

Sasa hapo ndio kuna mtego. Gemu haijali leveli yako imetoka wapi. Maadui wengi wanapimwa kulingana na leveli yako. Ukipanda kwa kuuza visu na kufungua makufuli, gemu inaona "leveli 24" na inakuletea majambazi wa leveli hiyo. Wao wamejifunza kupiga. Wewe umejifunza kuuza.

Tena kila leveli inakupa pointi moja tu ya kununua perki, zile nyota unaona ukitazama juu angani. Perki ziko zaidi ya 200. Ukitawanya pointi zako, kila mahali unakuwa na kidogo na hakuna mahali uko na ya kutosha.

Mathe aliwahi kuangalia kikapu changu cha chai akaniuliza, "Kijana, hii ni majani ama ni kuni?" Nilikuwa nimevuna kila kitu ndio kikapu kijae haraka. Lakini pale senta karani hanunui kikapu kilichojaa. Ananunua majani mawili na chipukizi, na zile ngumu anakurudishia. Perki ni hivyo hivyo.

Maswali matatu kabla ya pointi yoyote

Karakta wa pande mbili anajengwa na maswali matatu. Naanza vita vipi? Nikionekana, namaliza vipi? Na katikati, nabaki hai vipi?

Majibu yangu yanahitaji ustadi nne pekee, na majina nayaacha vile yako kwa skrini ndio usipotee: Sneak na Archery za kuanza vita, One-Handed ya kumaliza, Light Armor ya kubaki hai. Kila pointi lazima ijibu swali moja kati ya hayo. Kama haijibu, iache hapo hapo angani.

Kabila na jiwe

Khajiit, wale watu paka, wanaanza na Sneak 25, Archery 20 na One-Handed 20, na wanaona gizani. Wood Elf anaanza na Archery 25, Sneak 20 na Light Armor 20. Redguard anaanza na One-Handed 25, na mara moja kwa siku nguvu zake za mwili zinarudi mbio sana kwa dakika nzima. Mimi huchukua Khajiit, lakini hizi tofauti zinaisha ukishacheza sana. Chagua ule uso hutachoka kuangalia.

Ukitoka Helgen ukielekea Riverwood kuna mawe matatu njiani. Wengi wanagusa moja wanasahau. The Thief Stone inafanya Sneak na Light Armor zipande kwa kasi ya asilimia 20 zaidi. The Warrior Stone inafanyia hivyo Archery na One-Handed. Ona sasa: ustadi wako wanne wamegawanywa wawili wawili. Anza na ya Thief, halafu Sneak ikishakuwa fiti, rudi ubadilishe. Ni bure.

Sneak: hesabu ya kisu

Kunyemelea si kuchuchumaa tu. Gemu inaangalia mwanga, kelele na mwendo wako. Zima tochi. Usikimbie. Vazi zito linapiga kelele. Lile jicho katikati ya skrini likifunga, hakuna mtu anakuona. Likianza kufunguka, simama tuli, usipanik.

Halafu kuna hesabu. Bila perki yoyote, ukimpiga adui hajakuona, mshale unaumiza mara 2 na silaha ya mkono mmoja mara 3. Ukinunua Backstab kwenye Sneak 30, mkono mmoja unakuwa mara 6. Deadly Aim kwenye 40 inafanya mshale uwe mara 3. Na kwenye 50 kuna Assassin's Blade: kisu kinakuwa mara 15.

Chukua upanga wa chuma wenye nguvu 7. Mara 6 ni 42. Sasa chukua kisu cha chuma chenye nguvu 4, kile watu hutupa. Mara 15 ni 60. Kisu duni kimeshinda upanga, lakini kwa pigo la kwanza pekee. Ukishaonekana, kile kisu kinarudi kuwa 4. Kwa hivyo beba vyote viwili na uviweke kwa favoriti ubadilishe haraka: kisu cha kuanza, upanga wa kumaliza.

Upinde: usiingie vita kama hujaipunguza

Kama wako watano ndani ya pango, kazi yako ni kuhakikisha wakikuona wamebaki wawili. Piga mmoja kutoka gizani, rudi nyuma, tulia. Wenzake watazunguka kukutafuta, halafu wengi watarudi walipokuwa. Piga mwingine.

Perki ya Overdraw inaongeza nguvu ya upinde kwa asilimia 20 kila ngazi. Eagle Eye inakuvutia picha karibu. Power Shot kwenye Archery 50 inafanya adui ayumbe nusu ya mara unazompata, isipokuwa wale wakubwa sana. Hiyo ni dhahabu, kwa sababu adui anayeyumba hajakufikia.

Ukitaka msaada wa mapema, pale Riverwood kuna Faendal. Anafundisha Archery mpaka 50, na unaruhusiwa masomo matano kwa kila leveli. Ukimsaidia kwa ile stori yake ya mapenzi anakuwa beshte wa kukufuata, na hapo unaweza kufungua mizigo yake uchukue ile pesa ulimlipa. Ni karo inayorudi. Ningepata mwalimu kama huyo, labda saa hii ningekuwa na digrii.

Mtihani wenyewe ni dragoni

Hapa ndio wanaocheza Sneak peke yake hulia. Dragoni wa kwanza, Mirmulnir, anakuja kwenye mnara wa magharibi wa Whiterun. Ni uwanja wazi. Hakuna kona, hakuna kivuli, na huwezi kumtegea kisu akiwa hewani.

Akiwa juu, tumia upinde. Akitua, kimbia pembeni, usisimame mbele ya mdomo, mpige na upanga, rudi nyuma ya mawe. Walinzi wa Whiterun wako hapo, waache wapigwe kidogo. Kama umejenga Sneak tu, utaona mwili wako ni karatasi. Kama umeweka Light Armor, utaona mbona tulikuwa tunaipalilia.

Hapa kwetu mashine za kuchuna chai zimetufunza hiyo kitu. Kuna wasee walikuwa moto sana kwa mikono, hakuna mtu angewashinda mashambani, halafu mashine ikaingia na hawakuwa na upanga wa pili kiunoni. Hiyo ndiyo maana ya pande mbili. Si kujua kila kitu. Ni kuwa na cha kushika ile siku kivuli kimeisha.

Pointi 19 za kwanza

Ukifika leveli 20 utakuwa na pointi 19. Mimi naziweka hivi:

Sneak, pointi 5: Stealth moja, Backstab, Deadly Aim, Assassin's Blade na Muffled Movement.

Archery, pointi 5: Overdraw tatu, Eagle Eye na Power Shot.

One-Handed, pointi 4: Armsman tatu na Fighting Stance, hii ya mwisho inafanya mapigo makali yatumie nguvu kidogo.

Light Armor, pointi 5: Agile Defender tatu, Custom Fit na Unhindered. Custom Fit inakuongezea ulinzi wa asilimia 25, lakini lazima kichwa, kifua, mikono na miguu vyote viwe vya Light Armor. Unhindered inafanya hayo mavazi yasiwe na uzito.

Kila leveli pia inakuuliza uongeze 10 kwa Health, Stamina ama Magicka. Mimi nafuata mtindo rahisi: Health mara mbili, halafu Stamina mara moja. Magicka iache ilale.

Baada ya leveli 20, ongeza ustadi MMOJA wa kusaidia. Alchemy ni mzuri kwa sababu sumu unaipaka kwa upinde, na dawa za kuponya unajipikia mwenyewe. Ama Smithing, unoe silaha zako. Chagua moja, uilee, ndio ufikirie ingine. Kufungua kufuli usiwekee pointi hata moja, mikono yako itajifunza.

Arap Kivuli wa pili

Nilianza upya. Iliuma, manze. Kufuta masaa 40 si rahisi, haswa kama umeshaambiwa na kila shangazi kwamba wewe huanza vitu humalizi. Baada ya kuacha kolegi nilikuwa nimejaribu kuuza kava za simu, kuendesha boda ya jirani, kurekebisha redio na kubeti. Nilikuwa leveli 24 ya maisha na hakuna kitu kingeweza kuniokoa kwa pango.

Arap Kivuli wa pili alifika kwa yule Bandit Chief akiwa leveli 19. Mishale miwili kutoka gizani kwa vijana wa mlangoni. Nikazima tochi, nikapita ukutani polepole, mvua ikipiga mabati kwa nguvu hadi sikuwa nasikia sauti ya gemu. Kisu kikaingia. Hakufa. Akageuka na ile nyundo yake, nikabadilisha upanga, akanigonga mara moja.

Safari hii nilibaki nimesimama. Yeye ndiye alilala.

Halafu stima ikapotea. Lakini nilikuwa nimesevu nje ya mlango, sekunde chache kabla ya kuingia, kwa hivyo jioni stima iliporudi nilimrudia tena, nikacheka tena. Na wewe sevu kabla ya kila mlango, na uweke sevu tatu tofauti, usiandike juu ya moja kila siku. KPLC haijui kama uko vitani.