Mbona Tangawizi Inanyauka?

Watu wengi wanapanda tangawizi, mrehani na mchaichai karibu na nyumba, wapate chai ya kikohozi na ya tumbo. Mara nyingine mimea hii inaanza vizuri, kisha inadumaa. Majani yanakuwa manjano. Saa sita ya mchana yanalegea, ingawa udongo una maji. Jioni yanasimama tena. Ndipo watu wanasema ya kwamba jirani ameroga shamba. Neno kama hilo limetenga jamaa nyingi. Kabla ya kumtaja mtu, ng'oeni mmea mmoja polepole, mwoshe mizizi yake.

Mkiona mizizi imevimba vifundo vifundo kama shanga, adui ni mnyoo. Akiwa mtoto urefu wake ni karibu nusu ya milimita, na macho hayamwoni. Anaingia karibu na ncha ya mzizi, anatulia, anatia mate yake ndani. Hapo mmea unadanganywa: chembe chache za mzizi zinakua kupita kiasi na kujaa chakula, naye anazinyonya. Chembe za kando zinavimba, ndicho kifundo. Mmea wenyewe umemjengea adui nyumba! Jike ananenepa kama kibuyu kidogo, hatembei tena, anataga mayai 300 au 500, hata zaidi. Udongo ukiwa na joto, karibu mwezi mmoja unatosha kutoka yai mpaka jike mwenye mayai. Nayo maji hayapandi vema katika mzizi ulioharibika.

Msidhani vifundo vya maharagi ni ugonjwa huu. Vile vinakaa kando ya mzizi, vinabanduka kwa kidole, na ndani vina rangi nyekundu kidogo. Vinalisha mmea, viacheni.

Wagonjwa wanauliza, “Je, mnyoo huyu ataingia tumboni mwangu?” Hapana. Anaishi katika mimea tu. Safura na minyoo ya tumbo ni wengine.

Mimea haipigani naye sawasawa. Mrehani unampokea upesi, kama nyanya, biringanya na bamia. Tangawizi inaumia vibaya, maana anaingia hata katika lile tunalokula, analeta madoa ya maji na ya kahawia, na uozo unafuata mlango huo. Mchaichai hauumizwi sana. Iko mimea ambayo chembe zake zinakufa mara moja pale alipoingia, naye anakosa chakula. Tagetesi, maua ya manjano yenye harufu kali, ina sumu yake katika mizizi. Mnyoo akiingia hakui.

Basi angalieni mbegu kwanza, kwa kuwa kipande cha tangawizi kinachotoka shamba lenye vifundo kinaleta mnyoo kwenu. Kitieni katika maji ya moto wa digri 50 kwa dakika 10, kisha katika maji baridi. Kipimajoto cha wagonjwa hakifai: kinaishia karibu 42.

Mahali palipoharibika msipande nyanya wala mrehani. Pandeni tagetesi karibu karibu miezi mitatu, mkipalilia, kwa sababu majani ya porini nayo yanamficha mnyoo. Mizizi yenye vifundo ichomeni moto siku ile ile. Msiitupe katika shimo la mbolea, na jembe mlioshe kabla ya kuingia shamba lingine.