Ramani Kubwa, Kikomo Kidogo: Pima Faili Kabla ya Kununua Diski

Anayekusanya maharage, mahindi na muhogo Kasulu na Kibondo anahitaji kujua lori lipite wapi na mlima mkali uko wapi. Ramani za kazi hiyo hupatikana bure: vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000, pamoja na barabara na vijiji vya OpenStreetMap, vinavyochorwa na watu wa kujitolea. Gharama huanza pale ramani inapokataa kuingia kwenye kompyuta.

Chukua mfano wa mtu mwenye flashi tupu ya GB 32 na faili la ramani la GB 6. Kompyuta inamwambia faili ni kubwa mno. Anadhani nafasi haitoshi, anakwenda kununua diski kubwa zaidi. Fedha hiyo huenda imepotea bure, kwa kuwa tatizo ni mpangilio wa diski, wala si ukubwa wake. Flashi nyingi za GB 32 au chini ya hapo huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Mipangilio ya NTFS na exFAT haina kikomo hicho. Kubadili mpangilio hakulipiwi, ila hufuta kila kilichomo, hivyo weka nakala kwanza.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Miinuko hugawanywa katika vipande vya digrii moja kwa moja. Kila kipande kina nukta 3,601 kwa 3,601, na kila nukta huchukua baiti mbili, yaani MB 26 hivi. Mstatili unaoizunguka Tanzania nzima huhitaji vipande vipatavyo 132, sawa na GB 3.4. Faili hilo litapita. Lakini programu ikizigeuza namba hizo kuwa za desimali zenye baiti nne, faili linafika GB 6.8 na kukwama.

Kikomo cha pili kiko kwenye kumbukumbu. Windows ya biti 32 kwa kawaida huipa programu moja GB 2 tu, hata ukiijaza mashine kumbukumbu ya GB 16. Aidha, mwaka 2013 namba za nukta za OpenStreetMap zilivuka 2,147,483,647, ambayo ni namba kubwa kuliko zote katika hesabu ya kawaida ya biti 32. Programu za zamani ambazo hazikurekebishwa haziwezi kuzisoma sawasawa.

Kwa mfanyabiashara wa nyanda za juu za Kigoma, dawa ni kukata ramani kabla ya kuiingiza. Mji wa Kasulu umo katika kipande S05E030, na mji wa Kibondo katika S04E030. Viwili hivyo ni MB 52 tu. Anayeshusha mzigo hadi bandari ya Kigoma ataongeza S05E029.

USHAURI WA WIKI: Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu: faili lina ukubwa gani likishafunguliwa, diski ina mpangilio gani, na mfumo endeshi ni wa biti 32 au 64. Anayefanya biashara ya wilaya mbili hana haja ya kubeba ramani ya nchi nzima.