Bikarbonati si ya mandazi tu

Mama msomaji, na wewe baba pia, kwa sababu jambo hili si la jikoni peke yake: tazama pale unapoweka chumvi na sukari. Bila shaka kuna kafuko ka unga mweupe, kamefungwa fundo, kanangojea siku ya mandazi. Hiyo ni bikarbonati. Hapa Majengo tunainunua kwa vipimo vidogo, tunatumia kidogo, kisha tunaisahau mpaka inashika unyevu. Ni hasara. Unga huo unajua kazi nyingi. Lakini una ndugu mmoja mbaya sana anayefanana nao, na huyo pia tutamtaja.

KAZI INAZOZIWEZA

Harufu ya sambaza. Umetengeneza sambaza za ziwa, umeosha beseni kwa sabuni mara mbili, na harufu bado iko. Tia kijiko kimoja kikubwa cha bikarbonati na maji kidogo, sugua, acha robo saa, suuza. Mikono pia, vilevile.

Termosi iliyogeuka rangi. Tia kijiko kimoja, jaza maji ya moto, acha saa moja, suuza. Angalia: usifunge kifuniko. Bikarbonati ikikutana na moto hutoa hewa, na hewa hiyo inatafuta njia ya kutoka.

Sufuria iliyoungua. Maji ya kufunika pale palipoungua, vijiko viwili vikubwa, chemsha dakika kumi. Utabandua bila kupigana. Hii ni kwa sufuria za inoksi na za rangi. Zile za alumini zitakuwa nyeusi. Hizo endelea kuzisugua kwa majivu, kama mama zetu walivyofanya.

Bote za baba. Akirudi kutoka kwenye machimbo, miguu imekaa ndani ya bote siku nzima. Zikauke kwanza, kisha kijiko kimoja katika kila bote usiku, asubuhi kung'uta. Jasho lina asidi, na bikarbonati huvunja asidi. Ndiyo siri yake yote.

Godoro la mtoto anayekojoa. Kausha kwa kitambaa, nyunyiza, acha saa kadhaa, pangusa kwa ufagio mdogo, toa juani.

Batri ya taa za mwanga wa jua. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, ondoa nyaya kwanza. Changanya bikarbonati na maji kidogo, pakaa, ngoja povu liishe, pangusa, kausha. Isiingie ndani ya batri.

Moto wa mafuta. Mafuta yakishika moto katika kikaango, usimwage maji kamwe! Kwanza kifuniko. Kama hakiko karibu na moto bado ni mdogo, tupa bikarbonati kwa wingi ukiwa kando. Moto ukiwa mkubwa, toa watoto nje.

Na maharagi? Ncha ya kisu kwa sufuria nzima, basi. Ukizidisha yatanuka sabuni, na utaharibu vitamini B1 iliyomo. Kuyalowesha usiku kucha kunaokoa makala vizuri zaidi.

KAZI ISIZOZIWEZA

Usiipe sifa isiyo yake. Inaondoa harufu katika bidoni ya maji, lakini haiui vidudu vya kolera. Kinachoua ni klori, au kuchemsha. Goma yetu haikusahau mwezi wa saba 1994, wakati kolera ilipochukua wakimbizi kwa maelfu katika majuma machache tu.

Wazee wengine watakuambia: "Lakini seromu ya kuhara ilikuwa na bikarbonati!" Ni kweli. Paketi za miaka ya 1970 zilikuwa nayo. Tangu 1984 Shirika la Afya Duniani liliiweka sitrati mahali pake, kwa sababu inakaa vizuri zaidi katika nchi za joto na unyevu. Basi usiongeze kitu katika paketi ya leo. Ukikosa paketi: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na mlima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Bikarbonati, hapana. Na mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Kuna pia wanaoilamba kila siku sababu ya kiungulia. Kijiko kidogo kimoja, yaani gramu 5 hivi, kina zaidi ya gramu 1 ya sodiamu, wakati mtu mzima anashauriwa asifikishe gramu 2 kwa siku nzima. Mwenye presha anajiumiza polepole. Kiungulia kisichoisha kinataka muganga.

NDUGU MBAYA

Sasa sikiliza vizuri. Mama wengi wa mitaa yetu wanapika sabuni nyumbani. Ni kazi nzuri, inasomesha watoto. Lakini sabuni hiyo inataka soda kostiki. Nayo ni nyeupe, nayo inapimwa katika vifuko bila jina, nayo huitwa "soda" tu. Bikarbonati ni pole. Soda kostiki inakula nyama ya mtu. Mtoto akiionja, inaunguza mdomo na koo. Akipona, koo linaweza kuziba hata asimeze uji.

Ikitokea, usimtapishe, kwa maana itaunguza mara ya pili ikipanda. Usimpe ndimu wala siki. Suuza mdomo wake kwa maji, kimbia hospitali, ubebe kifuko chenyewe. Ikiangukia ngozi au jicho, maji mengi yanayotiririka, angalau dakika ishirini, bila kungojea.

Kwa hiyo, sokoni usiseme "nipe soda". Sema "bikarbonati ya mandazi", na muuzaji akisitasita, acha. Usionje kwa ulimi ili kujua ni ipi. Nyumbani usiweke soda kostiki katika chupa ya Fanta wala kopo la maziwa. Mtoto anajua chupa, hajui kusoma.

Leo jioni, kabla ya kulala, fanya kitu kimoja. Chukua kalamu na kipande cha karatasi. Andika BIKARBONATI, ubandike kwenye kopo lenye kifuniko kikavu. Na ile nyingine, kama unayo, iandike HATARI, ifungie juu pale ambapo hata mtoto akipanda kiti hafiki. Kisha mwambie jirani wa ukuta wa pili afanye vilevile, maana watoto wetu wanacheza katika nyumba zote mbili.